Kibanda cha sinema uani kwa Mzee: namna ya kukiandaa na kuwa VJ wa ukoo wako

Kosa langu la kwanza lilikuwa shuka. Nilichukua shuka jeupe la Mama, lile la kutandikia wageni wazito, nikalitundika kati ya mwembe na nguzo ya jiko, kisha nikaketi nyuma ya projekta ya kukodi nikijiona mwenye sinema. Ilikuwa tarehe 26 Desemba 2014, nyumbani kwetu kijijini, wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Upepo ulipovuma stelingi akapinda kiuno, adui akarefuka shingo, na baada ya dakika kumi pembe moja ikachanika kwa mlio uliosikika hadi kwa majirani. Mama hakusema kitu. Mpaka leo hajasema kitu, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Nimerudia kila mwaka tangu hapo. Sasa ndugu zangu wakipiga simu mwezi wa Novemba hawaanzi na habari ya mbuzi. Wanauliza mwaka huu ni filamu gani. Watoto wa jirani huja na mikeka yao. Na kila Januari kuna shemeji anayetaka kuyapeleka mambo haya kwao, ananiuliza maswali yaleyale mawili: ile mashine ni shilingi ngapi, na wewe unasemaje muda wote huo bila kukwama?

La mashine ni jepesi. La kusema ndilo lenye kazi, na huko nitakaa zaidi.

Nilikojifunza

Nimekulia kambini. Baba alikuwa polisi, tukaishi Jinja ndani ya yunipoti, vile vijumba vya bati vya mviringo ambavyo mchana hugeuka tanuri na usiku wa mvua hugeuka ngoma. Nje ya uzio palikuwa na kibanda cha video. Mwaka 1996, nikiwa na miaka kumi na miwili, kiingilio cha mtoto kilikuwa shilingi 100. Mzee alikuwa ametupiga marufuku. Kwake kibanda kilikuwa chuo cha wezi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo hicho kila Jumamosi.

Ndani ni giza na joto, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni moja ya inchi 21 ndani ya sanduku la kufuli. Pembeni ameketi VJ na maiki yake. Kwa asiyemjua VJ: ni mtu anayepunguza sauti ya filamu akasema yeye, papo hapo, akifasiri, akieleza, akitania, akimtukana adui kwa niaba yenu. Kampala wapo wenye majina makubwa, VJ Jingo akiwa mmojawapo, na upande wa Kenya DJ Afro anafanya kazi hiyohiyo kwa Kiswahili cha mtaani. Yule wetu wa Jinja hakuwa na jina nje ya mtaa. Lakini mdomoni mwake Mchina wa kung'fu alikuwa kijana wa Bugembe anayedaiwa kodi ya nyumba, na helikopta ya Wamarekani ilikuwa imetumwa kutoka Entebbe.

Siku moja Mzee aliingia amevaa kiraia. VJ alimwona kabla yetu. Hakusimamisha filamu wala hakubadilisha sauti, akasema kwa Kiganda: "Na hapa jambazi anaona afande ameingia kwa mlango wa mbele, kwa hiyo wote wenye baba polisi wanatokea mlango wa nyuma." Tulitoka watoto sita. Nilipokuwa nakimbia ndipo nilipoelewa kwamba yule bwana alikuwa akitutazama sisi kuliko alivyoitazama filamu.

Nyumbani kwetu lugha ya mezani ni Kiswahili cha kambini. Mzee ni Japadhola wa hapa Tororo, Mama ni Mlugbara wa Arua, na bila Kiswahili wasingeoana. Wakwe waliokuja baadaye, wa Masaka na wa Mbarara, mwanzoni walikuwa wanashtuka. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi waliwahi kukisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, sikumwona mkwe yeyote akikimbilia kununua kamusi. Lakini Waganda wenyewe huiita Krismasi Ssekukkulu, na neno hilo hawakulitoa mbali.

Mama hajui Kiingereza. Miaka mingi alikaa mbele ya televisheni za wanawe akiuliza, "Huyu anasema nini?" nao wanamjibu, "Ngoja, Mama." Filamu inaisha bado anangoja. Kibanda changu kilianzia hapo.

Siku na saa

Usijaribu tarehe 25. Mchana ni kanisa, kuku, wali, matoke ya wakwe na ugali wa wimbi wa Mzee. Jioni watu wamelala na viatu. Tarehe 26 ni sikukuu pia, hakuna anayesafiri, na watoto wamekwisha kuzichoka nguo mpya. Hiyo ndiyo siku.

Huku kwetu mwezi wa Desemba jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, na giza la kutosha projekta linafika saa moja na robo. Mimi huanza saa moja na nusu. Kuanzia saa kumi na moja jioni wacha watu wakusanyike taratibu: nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya kwenye spika (alifariki Desemba 15, 1989, na hakuna Desemba ya Uganda ambayo haimwimbi), wazee na ubao wa mweso. Mweso ni binamu wa bao la pwani, mashimo 32 na kete 64, na una faida moja kubwa: mchezo mmoja unaweza kumshughulisha Mzee na kaka yangu mkubwa hadi giza liingie bila wao kuanza habari za mipaka ya shamba.

Ukuta, waya na wadudu

Kama una ukuta, achana na shuka. Kaka yangu alipiga lipu ukuta wa nyuma wa ghala, mimi nikaupaka rangi nyeupe isiyong'aa mara mbili, upana wa mita mbili na nusu, na kuuzungushia mpaka mweusi wa kiganja kimoja. Mpaka huo mweusi unafanya picha ionekane kali zaidi. Sikuamini mpaka nilipouona. Kama huna ukuta, basi shuka lipigwe pasi, lifungwe kwenye mianzi miwili juu na chini, mwanzi wa chini uning'inizwe mawe, na nyuma yake litundikwe blanketi jeusi ili mwanga usipenye. Na liwe shuka lako mwenyewe.

Projekta nilikodi miaka mitatu, kwa shilingi 50,000 usiku mmoja, kabla ya kununua ya kwangu Kampala. Za bei rahisi huandikwa namba za ajabu za mwanga kwenye boksi, lumeni 9,000 na kuendelea. Tafuta herufi ndogo zenye neno ANSI, ndicho kipimo cha kuaminika: ukipata lumeni 200 za ANSI, kwa giza la kijijini na picha ya mita mbili, umeshiba. Umbali unategemea mashine, lakini nyingi zinataka kama mita moja na nusu kwa kila mita moja ya upana wa picha. Kwa hiyo picha ya mita mbili, weka mashine mita tatu kutoka ukutani, juu ya kitu kisichotikisika. Meza ya kulia chakula inatikisika kila mtu akiegemea. Mimi natumia kinu kilichopinduliwa.

Umeme: usiutegemee usiku wa sikukuu. Jenereta nayo inanguruma na sauti yako itaishia kwenye moshi wake. Suluhisho langu ni betri ya sola na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Usiinyonye kupita nusu, ukitaka idumu, basi una 600. Projekta yangu inakula wati 80, kompyuta 40, jumla 120. Sita mia ukigawa kwa 120 ni saa tano. Toa kinachopotea kwenye inveta, bado unabaki na zaidi ya saa nne. Filamu na mazungumzo yake yanaenea.

Spika iwe ile ya magurudumu yenye betri yake na tundu la maiki. Iunganishe na kompyuta kwa waya, usitumie bluetuthi. Bluetuthi huchelewesha sauti kidogo. Mtu anapigwa ngumi, unahesabu moja, ndipo mlio unafika, na watoto watakucheka wewe badala ya adui. Wewe mwenyewe simama nyuma ya spika. Ukisimama mbele yake maiki italia kama mbuzi.

Wadudu nao. Mwanga pekee katika uwanja mzima ni wako, hivyo kila chenye mabawa kitakuja. Washa taa nyingine kali mbali, upande wa zizi, nusu saa kabla ya kuanza, wakusanyike huko. Mwaka mmoja walioingia kwenye mwanga wa projekta walikuwa senene, wale panzi wa kuliwa. Shemeji yangu wa Masaka alisahau filamu, akasahau ukwe, akavua kofia na kuanza kuwakamata mbele ya ukuta, kivuli chake kikiwa kikubwa kuliko stelingi. Nilimvijei yeye kwa dakika tano nzima. Wengi wanasema ndiyo filamu bora niliyowahi kuonyesha.

Filamu gani

Chagua filamu ambayo mtu akiziba masikio bado anajua nani anamkimbiza nani. Za mahakamani hazifai. Za wapelelezi wanaonong'onezana kwenye mvua hazifai. Kung'fu za zamani zinafaa sana, adui anajulikana kwa nyusi tu. Za Kihindi ni tamu lakini saa tatu ni nyingi. Zina mapumziko katikati, kata hapo na umalizie tarehe 27, utaona kama kuna atakayeondoka. Filamu bubu za Wamarekani za miaka ya 1920 zimenishangaza kuliko zote. Hazina maneno ya kushindana na wewe, na watu wanaoanguka kwenye ngazi wanachekesha kwa lugha yoyote. Nilikuja kujua kwamba Japani enzi hizo kila jumba la sinema lilikuwa na msimulizi wake, benshi, na watu walilipa kumsikia yeye kama walivyolipa kuona picha. Nikajisikia nina ukoo.

Mzee alipomsikia mpwa wangu akinisomea habari hiyo alikohoa, akasema hata wao utotoni, miaka ya hamsini, liliwahi kuja lori la serikali ya Mwingereza, likatandaza kitambaa jioni na kuonyesha namna ya kunawa mikono na kulima pamba, na palikuwa na mtu wa kuwaelezea kwa lugha yao. "Yule naye alikuwa VJ," akasema. Huyu ndiye aliyenitoa kibandani kwa mlango wa nyuma.

Nunua au kodi nakala halali, na usitoze hela mlangoni. Ukianza kutoza, hiyo si Krismasi tena, ni biashara, na mwenye filamu ana haki yake kisheria.

Halafu itazame filamu yote kabla, hadi mwisho kabisa. Sababu ni busu. Mwaka mmoja sikutazama, na busu likafika ukutani, mita mbili kwa upana, mbele ya Mzee na baba mkwe wa kaka yangu wamekaa kiti kwa kiti. Kimya kile nakikumbuka kuliko shuka. Sasa ninaandika dakika zake kwenye karatasi, na shemeji wa Mbarara ndiye waziri wa sahani: nikimgusa bega anaweka sahani ya bati mbele ya lenzi, giza linaingia, nami nasema kwa utulivu, "Hapa wanazungumzia mahari. Mahari ni jambo refu." Siku hizi wazee ndio wanaocheka wa kwanza.

Sauti yako

Sasa kazi yenyewe. Ninaitazama filamu mara tatu. Ya kwanza kama mtazamaji, nikila. Ya pili na penseli. Ya tatu nafunga sauti kabisa na kuzungumza peke yangu kwenye cherehani, maana mimi ni fundi wa nguo mjini na wateja wangu wamezoea kunikuta nikigombana na watu wasiokuwepo.

Karatasi ni moja tu, ukurasa mmoja. Kushoto dakika, katikati nani, kulia neno moja au mawili ya kunikumbusha. Ukiandika sentensi nzima utasoma, na ukisoma umekwisha. Hakuna kinacholala usingizi haraka kama watoto wanaosomewa gizani.

Usifasiri kila neno. Mtu wa filamu akisema maneno ishirini, wewe una nafasi ya saba. Tafuta anachotaka, sema hicho. Akisema kwa Kiingereza chake kirefu kwamba amechoshwa na vitisho na hatakubali tena kuonewa katika mji huu, mimi nasema: "Leo sitoki hapa." Inatosha, uso wake unamaliza mengine.

Wape majina. Majina ya Kizungu yanapotea baada ya dakika tano, Mama huwachanganya wote. Mimi huwaita kwa kazi na mahali: Konda wa Malaba, Mwalimu wa Hesabu, Tajiri wa Saruji. Stelingi hupanda cheo kadiri anavyopiga watu: anaanza konstebo, mwisho wa filamu ni inspekta, na hapo Mzee hunyoosha mgongo kitini. Mji wa filamu nao ninauleta karibu. Barabara ndefu ni ile ya Tororo kwenda Mbale, mlima wowote ni Mwamba wa Tororo, na mtu akitoroka mpaka lazima apitie Malaba apange foleni nyuma ya malori.

Majina ya watu waliopo nayatumia kwa uangalifu, na nimejifunza kwa kuumia. Mwaka 2017 nilimpa mwizi wa filamu jina la utani la ndugu yangu mmoja, kwa utani tu. Sikujua kwamba wiki ile kulikuwa na pesa za mbuzi zilizopelea na yeye ndiye aliyekuwa amezishika. Watu walicheka mara moja, halafu kicheko kikakatika kama waya. Alikaa hadi mwisho kwa heshima, akaondoka kesho yake alfajiri. Nilimfuata Busia mwezi wa Februari kuomba radhi. Tangu hapo kabla ya sinema nampitia dada yangu jikoni, yeye anajua kila kinachochemka, namwuliza: nani asitajwe? Na wakwe wakubwa sitaji kamwe, hata kwa sifa.

Nyamaza. Hili lilinichukua miaka kulijua. VJ mgeni anaogopa kimya na kukijaza. Wimbo ukija, nyamaza. Mtoto wa filamu akilia, nyamaza. Watu wakicheka, ngoja kicheko kishuke hadi nusu ndipo useme, ukisubiri kiishe umechelewa, ukisema kikiwa juu umejipotezea neno. Na sauti ya filamu usiizime. Ibaki kama theluthi, ili milango ifungwe na farasi wakimbie.

Kaa mahali ambapo unauona ukuta na unaziona nyuso pia. Mimi hukaa upande wa kulia wa kinu, nimeugeuzia ukuta bega. Nikiona simu imewaka, nasema, "Na hapa adui anapokea ujumbe, ni wa kutoka safu ya tatu." Nikiona Mama anamgeukia mtu kuuliza, najua sijaeleza vizuri, narudi nyuma bila kusimamisha: "Kwa waliokuwa wanachota chai, huyu mwenye kofia ndiye aliyemwuza yule." Huo muhtasari mfupi nautoa kila robo saa, kwa sababu kila robo saa kuna anayerudi kutoka msalani.

Kila bibi kizee atakayetokea kwenye filamu, hata akipita tu na kikapu, ni dada yake Mama kutoka Arua. Anamsalimia. Nimempa matukio yote hayo kwa miaka kumi sasa, na yule bibi ameishi Hong Kong, Bombay na jangwani kwa wachunga ng'ombe.

Koo: maji ya uvuguvugu na tangawizi, usipige kelele, maiki vidole vinne kutoka mdomoni. Malwa, ile pombe ya wimbi, baadaye.

Kama una wasiwasi kwamba wewe si mchekeshaji, nikuambie kilichotokea 2020. Amri ya kutotoka nje ilikuwa saa tatu usiku, majirani hawakuja, tulikuwa tisa tu uani. Nilionyesha hivyohivyo, spika ikiwa juu kidogo. Asubuhi jirani ng'ambo ya ua wa miti akanipigia simu kusema filamu ya jana ilikuwa tamu, ila anataka kujua yule Konda wa Malaba alimwoa nani. Hakuwa ameona hata picha moja.

Tiketi, bisi na viti

Watoto wanalipa kwa kazi: jerikani moja ya maji au kuni mbili, na tiketi ni vipande vya kitambaa vilivyobaki cherehani, rangi tofauti kila mwaka ili wasitumie vya mwaka jana. Wamekwisha kujaribu. Mlangoni anakaa mtoto mkali kuliko wote. Kwetu ni wa miaka saba, na alimzuia Mzee.

Bisi: robo kilo ya mahindi ya bisi inajaza beseni, mafuta kidogo, sufuria ya mfuniko mzito, chumvi mwishoni. Zikaangwe kabla ya filamu, kwa sababu mlio wa bisi na mlio wa bunduki havielewani. Karanga za kukaanga zipo, mandazi yapo, kuku wa jana ukimwona umshukuru Mungu. Watoto kwenye mikeka mbele, akina mama katikati, wazee vitini nyuma, na chungu cha malwa na mirija yake mirefu nyuma kabisa, karibu na birika la maji ya moto. Acha njia pembeni ya kwenda jikoni. Usipoiacha, watapita mbele ya mwanga.

Trela

Kabla ya filamu kuu tunaonyesha trela, yaani habari za mwaka za ukoo. Kuanzia Oktoba naomba kila nyumba initumie kipande cha dakika moja cha simu: mtoto akitambaa, duka jipya, ng'ombe aliyezaa pacha, mtu akilala kanisani. Naviunganisha kwenye kompyuta na kuvivijei kwa sauti ileile ya mapigano. Waambie waishike simu kwa ulalo, si wima, na waifute lenzi. Nusu ya video za kaka yangu zina ukungu wa mafuta ya chapati. Dakika kumi na tano zinatosha. Zaidi ya hapo inakuwa kikao.

Mwaka juzi mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja aliomba maiki wakati wa trela. Nikampa. Anachanganya Kiswahili na Kiganda, ana haraka, anacheka kabla ya utani wake kufika. Katikati Mama akauliza kutoka gizani, "Huyu anasema nini?" Mtoto akasimamisha video, akageuka na maiki mkononi, akamweleza yote tangu mwanzo. Tulikaa pale tukimsubiri. Tangu hapo trela ni yake, nami nimelegeza masharti ya kutoa maiki: anayeomba anapewa dakika kumi, akikwama namshika mkono.

Watoto walale saa nne. Filamu ikiwa haijaisha, wasimulie mwisho kesho wakati wa chai, na usiwasahihishe.

Zima projekta lakini usichomoe waya mpaka feni yake inyamaze. Niliua taa ya ile ya kukodi kwa haraka hiyo, na nililipa. Kesho yake asubuhi chaji betri hadi ijae kabla ya kuihifadhi, na uichaji tena kila mwezi, maana ikikaa tupu hadi Desemba ijayo utakuta imekufa. Projekta iingie kwenye mfuko na kipande cha mkaa uliokaushwa kwa ajili ya unyevu wa masika. Tiketi za kitambaa zihesabiwe. Mwaka jana zilitoka 31, zikarudi 33, na bado tunachunguza.